Wanzuki ya Saa Kumi

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema asije mtu akadai nilificha. Marehemu mama alikuwa akisimulia kwamba nilipokuwa mdogo niligoma kula siku mbili kwa sababu mdogo wangu alipewa paja la kuku na mimi nikapewa bawa. Sasa nimezeeka, meno yamepungua, wivu haujapungua hata chembe. Na katika wivu wote niliouonja maishani, hakuna ulioniuma kama ule ulionikuta katika kijiji kimoja cha upande wa Igalula, miaka ile watu walipohamishiwa vijijini, nilipokwenda na mke wangu kumjulia hali mama yake tukaishia kilabuni.

Nilipelekwa Tabora kufundisha miaka michache baada ya Uhuru. Mimi ni Mzaramo, mtoto wa misheni, na nilishuka pale stesheni na sanduku la bati na baiskeli. Wanyamwezi wakanipokea kwa matusi. Ndiyo utani huo. Babu zao walipita kwetu enzi za misafara na pembe za ndovu mabegani, wakalala kwetu, wakala kwetu, wakazikana na babu zetu, na tangu hapo Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana msibani na ukacheka. Anaweza kuingia jikoni kwako akabeba sufuria ya wali, wewe ukabaki kumsindikiza kwa macho. Mwiko ni mmoja tu, kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na watu watakusimulia mpaka wajukuu zako wasikie.

Mke wangu nilimpata huko huko. Nilimwona siku ya sherehe ya shule, amekuja na mdogo wake, nikatuma mshenga, na Jumapili mbili hazikupita nikajibiwa ndiyo. Ndiyo haraka hivyo! Walimu wenzangu walihangaika miezi, wengine mwaka, wanapeleka kanga, wanapeleka sukari, hawajibiwi. Mimi Jumapili mbili. Kwa miaka kumi nilijigamba na jambo hilo chumba cha walimu, barazani, hata kanisani baada ya misa. "Mke wangu alinichagua mwenyewe," nilikuwa nikisema, "hakungoja kubembelezwa." Nilijivunia hilo kuliko cheti changu cha ualimu. Nalieleza hili ili ijulikane nilikuwa na nini cha kupoteza.

Basi, likizo moja tukawaacha watoto kwa jirani tukapanda treni. Mama mkwe alikuwa amehamishwa na lori kutoka kwenye mji wao wa zamani ulioko ndani porini, akawekwa kijiji kipya karibu na reli, nyumba zimejipanga mistari minne, kila mtu na kiwanja chake, mwembe hakuna, kivuli hakuna. Alitupokea vizuri. Nikampa shikamoo kwa mbali, kama inavyompasa mkwe, naye akaitikia marahaba huku ameangalia pembeni. Tukala ugali na kuku na karanga. Baada ya chakula akamwambia binti yake, bado ameangalia pembeni, "Mpeleke mwalimu kilabuni akaonje. Asije akasema kwetu hakuna kitu."

Mwenyewe hakuja. Mkwe na mama mkwe hawanywi chungu kimoja.

Kilabu chenyewe kilikuwa banda la nyasi lenye mabenchi ya udongo, mali ya kijiji kizima, na wanawake walipika kwa zamu. Sheria ilikuwa kali. Hakuna kata ya pombe kutolewa kabla ya saa kumi, mpaka watu watoke shamba la ujamaa. Tulifika saa tisa. Mpika pombe wa zamu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, alikuwa rika la mke wangu, wamecheza pamoja wakiwa watoto. Walikumbatiana wakalia, wakacheka, wakalia tena. Mimi nikaonyeshwa benchi. Saa nzima nilikaa nikitazama mapipa matatu yamefunikwa kwa magunia, harufu ya asali iliyochachuka inanijia puani, koo limekauka. Nikamwambia mpika pombe, "Mtani, mgeni hana saa." Akanijibu, "Mgeni hana saa, ila kijiji kinayo. Kaa hapo, Mzaramo, ufundishwe subira, si mwalimu wewe?"

Saa kumi kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini kikagongwa, watu wakaja na majembe begani. Mpika pombe akafunua mapipa. Akachota kata ya kwanza akanywa mwenyewe mbele yetu, kama ilivyo desturi, mgeni aone haina kitu kibaya. Halafu akamgeukia mke wangu akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Haya, wewe uliyeolewa mjini. Tuone kama ulimi bado wako."

Hapo lazima nieleze. Pombe ya kwao ni wanzuki, pombe ya asali. Masega yanaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, maji yale matamu yanatiwa chachu, yanakaa karibu na moto siku mbili tatu mpaka yachemke yenyewe. Kila pipa lilikuwa limepikwa kwa asali ya mrina mmoja, maana warina asali wa kijiji walikuwa kadhaa na kila mmoja aliletea kilabu mavuno yake. Mimi kwangu pombe ni pombe, mradi isiwe siki. Sikujua kwamba kuna watu wanaoweza kuionja wakakutajia mtu.

Mke wangu akaonja pipa la kwanza. Akakunja uso. "Huyu ana haraka," akasema. "Kawachoma nyuki kwa kienge kikubwa mno. Moshi mtupu." Watu wakacheka, kijana mmoja nyuma akainamisha kichwa, kumbe ndiye. Akaonja la pili. "Huyu kakamua na majana." Majana ni watoto wa nyuki walio ndani ya sega, na wakikamuliwa pombe inakuwa na uzito fulani wa maziwa. "Ni mzee fulani, bila shaka bado haoni vizuri." Wakacheka tena, mzee mwenyewe akacheka kuliko wote. Nami nilicheka. Nilikuwa najisifu rohoni, mnaona mke wangu, mnaona alivyo hodari.

Akaonja la tatu.

Hakukunja uso. Aliishika ile kata kwa mikono miwili, akameza, akafunga macho, akakaa hivyo. Mtu angeweza kusali Salamu Maria nzima. Kisha akafumbua macho, akamuuliza mwenzake kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani kwangu, "Kumbe bado anarina?"

Ala! Hakuuliza "hii ni ya nani." Alijua. Nikamuuliza, nikijifanya natania, "Nani huyo bado anarina?" Akasema, "Mtu wa kwetu kule zamani. Asali yake haina moshi. Wengine wanawachoma nyuki mpaka asali inanuka dari la jiko, yeye anapuliza kidogo halafu anangoja wenyewe wasogee. Na hakati sega ambalo nyuki hawajalifunga kwa nta." Alieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Utulivu ule ndio uliozidi kunichoma. Miaka kumi nimelala kitanda kimoja na huyu mwanamke. Ningechemsha chai mimi na akachemsha jirani, asingejua ipi ya mumewe. Na hapa kuna mwanamume porini ambaye mke wangu anamjua kwa ulimi, kwa pumzi anayowapulizia nyuki!

Nikaiomba ile kata nionje na mimi. Nikanywa yote. Nilitafuta kasoro humo kwa bidii ninayotafutia makosa kwenye daftari la mtoto mtukutu. Haikuwa na kasoro. Ilikuwa safi, nyepesi, na baadaye, ukishameza, utamu mdogo unabaki nyuma ya ulimi. "Kidogo imezidi maji," nikasema. Mpika pombe akanitazama tu. Kata ya pili niliinywa kwa hasira, ya tatu pia, na zote zilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Hazikupita dakika nyingi mwenyewe akatokea, kaleta debe jipya la asali begani. Nilikuwa nimeshamchora kichwani, nikamchora mrefu, mweupe wa meno, mwenye majigambo. Niliomba awe hivyo ili nimchukie vizuri. Hakuwa hivyo. Alikuwa mtu wa kawaida kabisa, mfupi kwangu, kofia ya pama iliyotoboka, mikono imejaa makovu madogo. Alitua debe, akaosha mikono, ndipo akageuka kusalimia watu. Hata hilo la kuosha mikono kwanza liliniudhi.

Alipomfikia mke wangu, mke wangu akapiga goti. Akapiga na makofi mawili matatu ya taratibu, kama wanawake wa kwao wanavyosalimia. Najua ni desturi. Alikuwa amewasalimia hivyo wanaume watatu wengine pale pale na sikuona neno. Lakini kwa huyu niliona. Mimi kule Tabora asubuhi naambiwa "Umeamkaje, mwalimu" kutoka jikoni, mgongo umenigeukia, kijiko mkononi. Wakaanza salamu za Kinyamwezi, zile ndefu, za wazima, za mvua, za ng'ombe, za waliokufa. Kinyamwezi changu kilikuwa cha kununulia mihogo. Nikamvuta mke wangu kanga. "Anasemaje?"

"Anauliza habari za watoto."

"Maneno yote yale ni watoto tu?"

"Tunao wanne, mwalimu."

Watu walikuwa wameshanusa. Watani wananusa wivu kuliko fisi anavyonusa mzoga. Yule mzee wa majana akaanza, "Mtani, angalia sana. Mwonja asali haonji mara moja!" Banda zima likaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Mzaramo alikuja na baiskeli, mwenzake alikuwa na mizinga arobaini!" Mwingine, "Mtani, tulikuazima tu yule, leo mwenyewe kaja!" Ulikuwa utani mtupu, utani mzuri hasa, na siku nyingine yoyote ningewajibu mmoja mmoja mpaka wakimbie. Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu mno, na nikasikia mwenyewe kicheko changu kinavyotoka kibaya. Mke wangu alinitazama. Mrina asali alikuwa ametazama chini, anacheka kidogo kwa heshima, na hakusema neno lolote la kunichokoza, wala hakukana.

Kwa nini hakukana? Hilo ndilo lililonitoa akili. Kama hakuna kitu, si aseme hakuna!

Nikainuka. Nikasema kwa sauti ya jukwaani, "Watani, mmesema sana, sasa mtani anachukua haki yake!" Nikaliinua lile debe la asali, zito, nikaliweka begani. "Hii naipeleka Uzaramo. Aje mwenyewe aifuate kwa miguu, kama babu yake!" Kwa utani nilikuwa na haki hiyo. Mtani akichukua, amechukua. Wengine wakapiga vigelegele. Mrina asali akatabasamu, akafungua mikono, akasema kwa Kiswahili, "Chukua, mtani."

Nikapiga hatua tatu kuelekea nje. Nilikuwa na mpango, nauungama leo. Nilikuwa niende nayo mpaka nyuma ya banda niimwage kwenye majivu.

"Mtani, weka chini."

Alikuwa mpika pombe. Hakupiga kelele. Alikuwa amesimama mlangoni na kata yake.

"Huyu ni mtani wako," akasema. "Mchukulie chochote. Mvue hata hiyo kofia. Lakini asali hiyo ameshaitua, ni ya kijiji. Kijiji hakina utani."

Nikajaribu kucheka. "Mama, kijiji si cha Wanyamwezi?"

"Kijiji ni cha kijiji," akasema. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti, ila banda lilikuwa limeshanyamaza na kila mtu akasikia. "Na mtani hachukui huku anatetemeka."

Nikaangalia mikono yangu. Ilikuwa inatetemeka kweli. Debe lilikuwa linacheza begani, asali imeanza kunimwagikia shati, nzi wameshaniona. Nimesimama mbele ya darasa miaka mingi, nimezomewa na wazazi, nimekemewa na mkaguzi mbele ya wanafunzi, sijapata kuona aibu kama ile. Mzaramo amekasirikia utani, na kakasirika kwa sababu ya mwanamke, mchana kweupe. Nikatua debe. Hakuna aliyecheka, na kutocheka kwao kulikuwa kubaya zaidi.

Na nani aliyeniokoa? Yeye. Alivua ile kofia yake iliyotoboka, akaja mpaka mbele yangu, akanivisha kichwani, ikaniingia mpaka masikioni. "Chukua hii basi, mtani," akasema. "Ile ina serikali ndani yake." Banda likalipuka kwa kicheko, nyimbo zikaanza, kata zikazunguka, na mimi nikakaa benchini nimevaa kofia ya mtu ninayemchukia, nimenusurika kwa huruma yake. Ningempenda zaidi kama angenipiga kofi.

Tulirudi kwa mama mkwe jua bado liko juu. Njia nzima mke wangu alitangulia mbele. Nikasema, "Nilikuwa nimelewa kidogo."

"Hukuwa umelewa," akasema bila kugeuka. "Ungekuwa umelewa ningepata la kuwaambia watu."

Asubuhi, tukifunga mizigo, mrina asali akaja kuaga. Nikamrudishia kofia yake. Akaipokea, akatoa kibuyu kilichozibwa kwa nta. "Hii ni ya mzinga wangu mwenyewe," akasema, "si ya kijiji. Usiogope, mtani." Akanipa mimi, mkononi mwangu, kwa mikono miwili. Hakumpa mke wangu, wala hakumtazama sana. Nikasema ahsante. Ningesema nini? Alimuaga mama mkwe, akaenda zake shambani na jembe lake.

Stesheni ya Igalula treni ilichelewa, kama kawaida yake. Tulikaa juu ya mizigo, pamoja na kapu kubwa la mihogo mikavu na karanga alilotupa mama mkwe, kapu la mishikio miwili, na kibuyu kile juu yake. Nilikiangalia kibuyu. Nacho ni kama kilikuwa kinaniangalia. Nikasema, "Hiki nitakitupa dirishani treni ikiondoka tu."

"Hukitupi," mke wangu akasema. "Tutakula asali, tutakiosha, halafu tutakirudisha. Na hakitarudi kitupu. Nitakitia chumvi ya Uvinza."

"Kwa nini unajali sana kibuyu chake kisirudi kitupu?"

"Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Kwenu kinarudi?"

Ningenyamaza hapo. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini wivu ukishapanda hauna stesheni ya kushukia, nikaendelea. Nikamwambia kwamba mimi si mjinga, kwamba nimeona. Nikamwambia najua yule mtu alimposa zamani, baba yake akakataa kwa sababu jamaa hana elimu wala kazi ya mshahara, mimi nikaja nikakubaliwa, kwa hiyo mshindi ni mimi, na mtu aliyeshindwa kwa haki anapaswa kujua pa kukaa, asilete vibuyu. Nilisema kwa kirefu. Abiria wengine wakajifanya wanaangalia reli.

Aliningoja nimalize. Akafunga vizuri kanga yake kiunoni.

"Baba hakumkatalia mtu," akasema. "Hakuna mtu aliyekuja."

"Hakukuposa?"

"Hakuniposa."

Kwa kitambo kidogo, nakiri, nilifurahi. Kumbe hakuna kitu! Kumbe ni asali tu! Nikaanza hata kutabasamu, ndipo akaendelea, ameangalia upande treni itakakotokea.

"Mimi ndiye niliyemtaka. Nilipika wanzuki mwenyewe, mara yangu ya kwanza kupika peke yangu, kwa asali yake. Nikaitia kwenye mtungi mdogo wa bibi yangu, nikaupeleka kwake nimeufunika kwa kanga. Kwetu msichana hampelekei kijana pombe hivi hivi. Kila mtu anajua maana yake, naye alijua. Akaupokea vizuri. Wakanywa na wenzake, wakasifu. Siku ya tatu akamtuma dada yake aurudishe."

Akakiweka sawa kibuyu juu ya kapu. Nikasema, "Halafu?"

"Umeoshwa. Umesuguliwa vizuri, unang'aa. Nikautikisa. Nikatia mkono ndani mpaka hapa." Akanionyesha kiwiko. "Nikapapasa chini. Nilidhani labda ametia kitu kidogo, labda kimegandamana. Hamna. Hata punje ya mtama."

Ningeliweza kumpiga yule mtu siku ile, lakini sasa kwa sababu nyingine kabisa. Nani amempa ruhusa ya kumkataa huyu? Huyu! Mwanamke ambaye mimi nilimwona mara moja kwenye sherehe ya shule nikakosa usingizi. Akapelekewa mlangoni, akanywa, akasifu, akaosha chombo. Nilikuwa nimemwonea wivu kwa kudhani alikitaka nilicho nacho. Sasa nikamwonea wivu kwa kuwa alipewa na hakukihitaji, na mpaka leo huo ndio nashindwa kuupatia dawa.

"Ilikuwa lini?" nikauliza.

"Mavuno ya mwaka ule. Mwezi haujaisha akaja mshenga wako."

Jumapili mbili. Kumbe ndiyo maana zilikuwa mbili tu. Nikayakumbuka yote niliyowaambia watu barazani, chumba cha walimu, nje ya kanisa, nikatamani reli ifunguke inimeze. Treni ilikuwa imeshaanza kuonekana kwa mbali, moshi kwanza, kisha yenyewe, watu wakainuka wakaanza kubeba mizigo. Bado nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Sikunyamaza. Nikamuuliza, "Na kama angetia hiyo punje?"

Mke wangu hakunikasirikia. Alinitazama usoni, kwa upole hasa, upole anaomtazamia mtoto anayetaka kugusa moto na ameshaonywa.

"Ningekuwa kule, mwalimu," akasema. "Sasa hivi ningekuwa kule."

Treni ikasimama kwa kishindo, watu wakaanza kusukumana milangoni. Akajitwika fungu lake kichwani, akakipakata kibuyu kwa mkono wa kushoto, akainama kushika mshikio mmoja wa kapu. "Shika upande wako huo, mwalimu, treni haitungoji mimi na wewe," akasema. Nikashika, tukapanda, na roho ilikuwa inaniuma vibaya mno.